Kisima cha Gesi na Bakuli la Bwana Ian

Natangaza, kwa furaha ya kiofisi, kwamba mtaa wetu wa Phillips, huku ughaibuni, ulichaguliwa kati ya mitaa yote ya kaunti kupokea kisima cha gesi. Uchaguzi huo ulifanywa na Ofisi ya Gesi ya Ujirani. Anayeandika haya ni mimi, Nyiraneza, mwenyekiti na pia katibu wa Kamati ya Kukubali. Nilisoma mpaka darasa la tatu kule Uvira. Ofisi ilisema kwa kazi ya kukubali hiyo inatosha.

Mkurugenzi wa Ofisi ni Bwana Ian, mtu mrefu, mpole, mwenye meno mengi. Siku ya kwanza alitukusanya kanisani, kwenye ukumbi wa chini, akatuonyesha picha ukutani. Gitonga, Mkenya anayefanya kazi ofisini kwake, alikuwa anatafsiri. Pichani mtambo wa kuchimba ulisimama katika bustani ya mtaa wetu, mrefu kuliko mnara wa kanisa. Ulisimama palepale kwenye tuta la Pascasie.

Pascasie ni jirani yangu, mjane. Tangu afike kutoka kambi ya wakimbizi hana kitu anachokiita changu isipokuwa hilo tuta. Theluji ikiyeyuka tu, yuko pale ameinama. Anapanda lengalenga, ile mboga wengine huita mchicha, na nusu ya kanisa wanakula kwa mikono yake.

Aliinua mkono. "Na lengalenga yangu itaenda wapi?"

Gitonga akatafsiri. Bwana Ian akatabasamu, akajibu kwamba bustani haiondolewi. Inapandishwa hadhi.

"Inapanda mpaka wapi?" aliuliza Pascasie. Hilo halikutafsiriwa.

Kisha tulielezwa faida za kiuchumi, nami niliziandika zote. Mtambo utatingisha nyumba, vioo vitapasuka, na mafundi vioo watapata kazi. Harufu itakohoza watu, na Wakenya wetu wanaofanya kazi hospitalini watapata shifti za ziada. Malori yatapita kutwa, madereva watasikia njaa, sisi tutawauzia chapati.

Alice, nesi, alikuwa amekuja na sare yake ya kazini, macho mekundu. "Ngoja nielewe," alisema. "Mimi nawatibu kifua asubuhi, halafu jioni nawapikia chapati?"

Bwana Ian akaandika: ajira mbili.

Kanuni za Ofisi ni nzuri na fupi. Muhtasari wa kamati huandikwa kwa lugha ya jamii, yaani Kiswahili chetu, ili mtu asije akasema kesho hakuelewa. Mkurugenzi akishautia sahihi, haubadilishwi. Mwenye malalamiko huyaandika kwa lugha ileile ya muhtasari, huyapeleka kwa kamati ileile iliyokubali, kisha husubiri. Kwenye fomu ya muhtasari palikuwa na nafasi moja tupu: mahali pa kisima.

"Mnaweza kuandika popote ndani ya kaunti," alisema Bwana Ian. "Huo ndio uhuru wenu." Halafu akatuonyesha tena picha ya bustani.

Tukiwa tunatoka, Pascasie, ambaye huniita Koko, yaani bibi, alinishika kitenge. "Koko, ile nafasi utaiandika weye?"

"Katibu ndiye huandika."

"Na utaandika nini?"

"Sijajua. Sijamaliza kufikiri."

Aliniachia kitenge, akaenda zake bila kuniaga. Kwa wiki nzima hakuniletea mboga.

Jumamosi iliyofuata Ofisi ilihitaji picha za mkurugenzi akila pamoja na jamii. Tulipelekwa kwa gari mpaka nyumbani kwa Bwana Ian, Eden Prairie, upande wa matajiri wa kaunti yetu hiihii. Nyumba zile ni kubwa, na mbele ya kila moja kuna nyasi pana mpaka unachoka kutazama. Sikuona tuta hata moja. Sikuona mtu akitembea.

"Hapa watu walihama?" nilimuuliza Gitonga.

"Hapana, shosho," alisema, maana kwao bibi ni shosho. "Wako ndani ya magari."

Tulipewa nyama na keki, tukapigwa picha. Bwana Ian alisimama katikati ya nyasi zake, akatuambia kwamba kisima cha gesi ndicho zawadi kubwa kuliko zote ambayo mtaa unaweza kupewa. Aliweka mkono kifuani. Mimi mtu akiweka mkono kifuani humwamini. Wakati wa kuondoka mke wake alinifungia keki iliyobaki katika bakuli zuri la kioo lenye mfuniko.

Sasa, kwetu, mtu akikupa chakula katika chombo chake, humrudishii chombo kitupu. Hata kama huna kitu, utatia chumvi kidogo, utatia yai. Kumrudishia kitupu ni kumwambia umeshiba urafiki wake. Bakuli lilikaa mezani kwangu siku nne nikilitazama. Nitie lengalenga? Pascasie haniongeleshi. Nitie sambusa? Ni ndogo mno kwa mkurugenzi. Nilikumbuka maneno yake mwenyewe, zawadi kubwa kuliko zote, na mzigo ukanishuka.

Niliita kamati jikoni kwa Pascasie, apende asipende. Nilisoma faida zote, moja baada ya nyingine. Nikawauliza: zawadi kama hii, ni adabu sisi tuanze kuila, na mkubwa aliyetulisha nyumbani kwake anatutazama?

Pascasie alikuwa anaosha sufuria. Aliacha kuosha.

"Si adabu," alisema.

"Mimi nesi," alisema Alice, "na nasema huyo mzee anastahili kuhudumiwa kwanza."

Kamati ilikubali bila mtu kupinga. Ndiyo kazi yake. Niliandika muhtasari kwa mkono wangu, kurasa tatu, na katika ile nafasi tupu niliandika jina la barabara na namba ya nyumba kama zilivyo kwenye kadi ya mwaliko ya Bwana Ian. Nilizikunja, nikazitia ndani ya bakuli, nikafunga mfuniko.

Gitonga alisoma kabla ya kuingia kwa bosi wake. Alisoma mara mbili. "Shosho," aliniambia, "mimi kazi yangu ni kutafsiri tu kile nimeulizwa."

Bwana Ian alifurahi sana kuona bakuli. "Wanasema nini?"

"Wanasema asante kwa keki," Gitonga akamtafsiria. "Na kamati yote imekubali kisima."

"Bila masharti?"

"Bila masharti."

Alitia sahihi kurasa zote tatu akiwa amesimama, akanishika mkono, tukapigwa picha.

Malori yalifika Eden Prairie Jumatatu. Mtambo ulisimamishwa katikati ya zile nyasi. Nasikia ulipendeza.

Alhamisi Bwana Ian alitufuata bustanini, viatu vimejaa matope, Gitonga nyuma yake akitazama mawingu. Alikuwa na malalamiko, na kwa kuwa kanuni inataka lugha ya muhtasari, ilibidi mtu amwandikie. Nilifuta mikono, nikatoa daftari.

"Andika kwamba nyumba inatingishika," alisema.

Niliandika.

"Andika kwamba vioo viwili vimepasuka. Andika kwamba mke wangu anakohoa usiku kucha. Andika kwamba majirani wamesimama mbele ya gereji yangu na mabango."

"Madereva wamepata chapati?" niliuliza. Niliacha nafasi ya jibu.

"Andika kwamba wameniharibia nyumba."

Pascasie alinyoosha mgongo kutoka kwenye tuta lake. "Gitonga, mwambie haijaharibika. Imepandishwa hadhi." Safari hii ilitafsiriwa.

Barua ilipokwisha, Bwana Ian aliitia sahihi, akauliza inapelekwa wapi. Nilimweleza kanuni yake taratibu, kama nilivyoelezwa: kwa kamati iliyokubali, kwa mkono wa mwenyekiti. Nikajikabidhi barua. Nikampa pole, nikamwomba avute subira, maana kamati yote iko shambani. Tutakutana mavuno yakiisha.

"Mavuno yanaisha lini?"

Pascasie alichuma lengalenga, majani mapana ya juu, akayatia kwenye kikapu changu kwa mara ya kwanza tangu tugombane.

"Mwambie hii mboga," alisema, "ukiichuma leo, wiki ijayo imechipua tena."