Ndoo, Mwambie Mkwe

Jumatatu, 10 Machi 2025

Dhoruba ya jana imenionea. Igogo nzima, mtaa wetu wa mlimani kando ya ziwa, ilipigwa, sawa, lakini mabati manne yaliyoruka moja kwa moja ni ya kwangu. Moja limekumbatia mpapai wa jirani yangu, Mwalimu Rwehumbiza, mstaafu, mtu wa sola. Nguzo ya umeme imelala barabarani. Jiwe limeporomoka mlimani likavunja bomba la mtaa. Na mimi ni kinyozi! Kinyozi bila umeme ni mtu aliyesimama tu na taulo begani.

Mchana likaja kubwa zaidi. Mama mkwe, kutoka Misungwi, na kiroba cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Kwake kuna kisima uani na paa zima. Mke wangu Dorotea ndiye aliyeniletea maneno: maji na umeme visiporudi hadi Ijumaa, anaondoka na mama yake mpaka hali itengemae. Nikacheka, nisionekane nimeshtuka. Miaka kumi na tisa hajawahi kuniacha hata wiki moja. Sijui hata chumvi inakaa wapi.

Chumba kikavu kimebaki kimoja, nacho ni chao. Kwetu Wasukuma mama mkwe hatazamwi usoni, hamli pamoja, hamsemezani moja kwa moja, na mkikutana njiani wewe ndiye unayeingia majanini. Nimehamia saluni, kwenye benchi la wateja, na kibatari kinachofuka moshi. Benchi ni fupi.

Jumanne, 11 Machi

Hila ya kwanza, safi kabisa. Kumnyoa Mwalimu bure, naye anipe waya kutoka kwenye sola yake. Akakubali upesi, maana kesho anasoma somo kwenye misa ya kushukuru kwamba mtaa umepona. Nikachomeka mashine kwenye sola hiyo hiyo. Nikaanza kushoto.

Betri ikakata roho katikati ya utosi.

Kushoto Mwalimu ni mheshimiwa. Kulia ni shamba lililosahauliwa. Mkasi nilikuwa nimemwazima Ngosha wa bodaboda, naye yuko mbali, Buzuruga. Mwalimu akaniambia taratibu, kwa Kiswahili cha darasani, kwamba habari ya waya niisahau. Nikamwamkia shikamoo mara ya pili, sijui kwa nini. Hakuitikia.

Jumatano, 12 Machi

Hila ya maji. Kwenye kisima cha mtaa watu hupanga ndoo. Nikafika mapema nikapanga sita, nikatangaza kwamba tano ni za wagonjwa. Kina mama wakanipa pole! Nikawa wa tatu kwenye foleni. Nikajiona waziri.

Mara nikasikia kikohozi ninachokijua. Mama mkwe, na beseni kichwani, anakuja moja kwa moja. Njia ni moja na majani hakuna, ni mawe matupu. Nikaruka nyuma ya jiwe, nikageukia ziwani. Kutoka huko nikawasikia kina mama wakimuuliza wagonjwa wanaendeleaje. Naye, mtu asiyejua kudanganya, akajibu kwamba pale kwetu hakuna mgonjwa, wote wanakula vizuri. Nami siwezi kutokea kumsahihisha! Ndoo zangu zikatupwa mwisho wa foleni, moja moja, kwa kelele.

Nikakaa nyuma ya jiwe kama saa moja. Niliporudi nyumbani nikazikuta ndoo zote sita ukutani, zimejaa. Mama mkwe amepanga foleni upya, na mgongo wake ule unaouma. Dorotea hakuwepo, alikuwa kwa fundi wa mabati. Mama mkwe yuko ndani, mimi uani, pazia katikati, na hakuna wa kutupelekea maneno. Kisha nikasikia sauti yake:

“Ndoo, mwambie mkwe wangu aoge. Ananuka moshi.”

Nikaiambia ndoo imwambie mama nimeshukuru. Ndoo ikaulizwa kama mkwe amekula. Nikaiambia bado. Sahani ya michembe na maziwa ikasukumwa chini ya pazia.

Nimekula nikilia kidogo, naandika ukweli. Miaka yote hii nimefungua bomba huku nikiwaza mpira. Nimewasha taa bila hata kuitazama. Naweka nadhiri, na jioni nimemtamkia Dorotea: vikirudi, sitalalamika tena kuhusu maji wala umeme, mpaka naingia kaburini.

Alhamisi, 13 Machi

Kesho Ijumaa! Nimeliona begi la Dorotea, limefungwa.

Hila ya tatu. Nimeazima betri ya pikipiki ya Ngosha na balbu yake. Dorotea na mama yake walipokwenda kisimani nikaificha betri kwenye sufuria kubwa, nikapitisha waya nyuma ya kabati. Waliporudi, taa ikawaka sebuleni. Nikapiga kelele kutoka uani kwamba umeme umerudi.

Dorotea akapiga kigelegele. Akakimbilia pasi, maana sare yake ya kwaya imejikunja tangu Jumapili. Akaichomeka, akasubiri. Akaigusa kwa kidole chenye mate. Kimya. Akaufuata waya wa taa mpaka kwenye sufuria.

Nikajiandaa kwa maneno. Lakini alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini na pasi mapajani, akaniuliza, “Baba Masalu, hivi wewe ulizaliwa na nani?” Nami nikamwambia ukweli pale mlangoni, kwamba naogopa akienda atazoea huko. Akaacha kucheka. Akanifuta masizi shavuni kwa kanga.

Nyuma ya pazia sauti ikasema, “Ndoo, mwambie mkwe, mwanangu hajacheka hivi tangu nifike. Nitarudi peke yangu.”

Ijumaa, 14 Machi

Saa nne asubuhi umeme ukarudi wenyewe! Mtaa mzima vigelegele. Nimebonyeza swichi mara kumi na moja. Jioni bomba likakohoa, likatoa matope, kisha maji. Nikainywesha mikono yangu tu. Mwalimu akaja na kofia, nikammalizia upande wa kulia. Akaitikia shikamoo.

Mama mkwe kaondoka na basi la mchana. Nilisimama mbali, nikageuza uso, nikamwachia Dorotea amuage kwa niaba yangu.

Jumapili, 16 Machi

Umeme umekatika dakika sita! Nimewatukana wote wanaohusika, kwa sauti. Dorotea akanikumbusha nadhiri. Nikamwambia nadhiri ilihusu umeme unaowaka. Na maji nayo yanatoka membamba, aibu tupu.

Yeye kaenda kwaya, sare imenyooka. Mimi nimekaa sebuleni na taa inawaka mchana. Pazia limefunguliwa, chumba kimefagiliwa, hakuna anayekohoa. Nimeona ajabu, moyo unanisumbua kwa ajili ya mtu ambaye sijawahi kumwona uso.

Kumwita waziwazi siwezi, mkwe haitwi hivyo. Kwa hiyo nimefikiri vizuri. Kesho Dorotea akienda sokoni nitamwomba Mwalimu ampigie mama mkwe simu Misungwi, aseme bomba limevunjika tena, vibaya sana, na mkwe wake ni mgonjwa.