Mji wa Mafuta Uliomfisha Leopoldi kwa Siku Moja na Nusu

Shively, Louisville, Kentucky

Kwa Mzee Bisimwa,
Mwenyekiti wa Kamati ya Familia,
Grant Street, Buffalo.

Ndugu Mwenyekiti,

Nakusalimu kwa heshima zote ambazo kikao chako cha Jumapili hakikunipa mimi. Nilisikia kwa simu ya kamera, mbele ya watu arobaini na wawili wa Louisville, Columbus na Buffalo, kwamba nimesimamishwa kazi ya kutangaza misiba ya familia, kazi niliyoifanya miaka tisa bila kukosea hata marehemu mmoja. Siku ile sikujibu kwa sababu mlikuwa mmenizimia sauti. Najibu leo kwa maandishi, na ninayemshtaki ni mji.

Mnajua wote kwamba mdogo wangu Leopoldi, niliyemlea mimi katika kambi ya wakimbizi tangu akiwa na miaka sita, aliacha kazi ya ghala hapa Louisville akahamia mji wa mafuta huko Texas. Anaendesha lori la maji ya visima vya mafuta. Mwaka mzima aliniita kwa simu, mimi kaka yake mkubwa: “Yaya, kuya uone.” Nikaomba likizo, nikakaa kwenye basi saa ishirini na tisa, nikaenda kuona. Malalamiko yangu ni haya.

Kwanza, mji wenyewe hauna ukubwa unaoeleweka. Si mkubwa kama Columbus, ambako mtu anapotea bila aibu, wala si mdogo kama Shively, ambako mchungaji anajua umenunua nini dukani. Ni wa katikati. Una hoteli kumi na nane na hauna mwenyeji. Kila niliyemsalimu aliniambia anatoka kwingine na Alhamisi anaondoka. Mahali ambapo wote ni wageni, nani atamwambia mwenzake karibu?

Pili, harufu. Ukishuka kwenye basi unadhani mtu amesahau sufuria ya mafuta jikoni tangu mwaka jana. Nilikagua jiko la Leopoldi mara tatu. Wanasema utazoea. Mtu hazoei, pua ndiyo inayokata tamaa.

Tatu, zile mashine za kuvuta mafuta. Ziko nyuma ya shule, ziko kando ya kanisa, zinainamisha kichwa na kukiinua mchana kutwa. Zinakubali kila kitu. Siku za mwisho za ziara yangu nilisimama mbele ya moja, nikaieleza jinsi Leopoldi alivyokosea kuhama, ikakubali. Nikajaribu kusema alifanya vizuri, ikakubali vilevile. Kijana hawezi kuishi kati ya washauri wa namna hiyo.

Nne, na hili ndilo lililotufikisha hapa. Siku niliyofika, Leopoldi hakuja kunipokea, na simu yake haikupatikana. Nikachukua teksi mpaka nyumbani kwake, saa nne asubuhi. Naomba wanakamati mfumbe macho mwone nilichokiona. Mlangoni, jozi kumi na nne za viatu vya wanaume. Madirisha yote yamefunikwa mablanketi. Sebuleni hakuna viti. Wanaume wamelala chini kwenye magodoro, kimya, na televisheni imefunikwa shuka. Mezani kuna picha ya Leopoldi, kando yake mshumaa unawaka. Ukutani kuna orodha ya majina, na jina la Leopoldi limekatwa kwa wino mwekundu. Uani kuna sufuria kubwa motoni. Mwanamume mwenye ndevu akanipokea mzigo, akanishika mkono kwa mikono miwili, akanong'ona.

Sasa nauliza kikao: ni nani kati yenu, mtu wa kwetu Walungu aliyelelewa vizuri, angesimama mlangoni aanze kuuliza nani amekufa? Kwetu mtu akiingia penye msiba haulizi. Anavua viatu, anakaa chini, analia. Nilivua viatu, nikakaa chini, nikalia.

Najua maelezo yote, nimeshapewa. Wale ni wafanyakazi wa zamu za usiku, wamekodi nyumba pamoja, wanalala mchana. Mwenye ndevu alinong'ona ili asiwaamshe. Picha ni ya kitambulisho cha zamani. Mshumaa ni wa kufukuza ile harufu niliyoilalamikia hapo juu. Na anayekwenda porini kwenye visima, ambako simu hazishiki, hukatwa jina kwenye orodha mpaka arudi. Maelezo mazuri kabisa, ila yalichelewa siku moja na nusu, kwa maana wenzake wanasema Kispanyola na Kiingereza changu ni cha ghala: pakia, pakua, inua kwa magoti.

Tano, wale wanaume nao wana lawama. Nilipoanzisha wimbo wa kuaga waliamka, wakavua kofia, wakakaa nami. Wawili walilia kabisa. Wao walidhani nimefiwa huko nilikotoka; mimi nikaona wanalia, nikathibitisha. Mtu mwenye ushahidi wa namna hiyo afanye nini tena zaidi ya kupiga simu Louisville, Columbus na Buffalo?

Sita, dada yetu Adolphine wa Columbus anadai kwamba alikuwa amefika Arkansas na magari mawili, nusu ya kwaya na sufuria ya maharage, ndipo akaambiwa marehemu amerudi nyumbani amebeba kuku. Anasema nimemwaibisha. Namuuliza kwa upole: nani alimwambia awahi vile? Kwenye harusi yangu alichelewa saa tano.

Kuhusu huko kurudi kwa marehemu, naomba nisieleze sana. Aliingia jioni ya siku ya pili, uso mzima matope, akanikuta chini nimeshika shati lake. “Yaya, ni nani alikufa?” Katika nyumba nzima yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza. Nilimpiga kofi. Kisha nikamkumbatia, sikumwachia mpaka wenzake wakatutenganisha. Ndugu Mwenyekiti, nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kumwambia marehemu mama yetu, aliyeniachia mtoto yule mkononi. Nimerudi Shively, na kila simu ikiita nataja jina la Leopoldi kabla ya kuipokea. Mnaniita mzushi. Mimi ni mtu mwenye hofu, na hofu hiyo haijaniacha.

Kwa hiyo naiomba kamati mambo manne. Mji ule ufutwe katika orodha ya miji ambako mtu wa familia yetu anaweza kuishi, kutembea, au kupita hata kwa ndege. Leopoldi aamriwe kurudi Louisville kabla mwezi haujaisha. Chumba kipo, godoro lipo, na ghala bado wanamtafuta. Akikataa, kamati iwaandikie wenye visima wafunge mafuta yao mpaka shauri hili liishe. Na mimi nirudishiwe kazi yangu ya misiba, au walau nipewe ya kutangaza harusi, ambako kosa halijulikani mpaka miaka ipite.

Nisalimie watu wote wa Grant Street na wa East Side, Mama Gloire na wanawe, wazee wa kanisa, na hata yule aliyebonyeza kunizimia sauti. Mungu amsamehe, mimi bado niko njiani.

Ni mimi, ndugu yako mtiifu katika mambo mengine yote,

Masumbuko
Mtangaza Misiba (kwa sasa hana ruhusa)

Nyongeza: Barua hii ilikaa juu ya friji siku kumi, nikingoja mke wangu Séphora aipitie. Wiki iliyopita aliisoma yote. Hakucheka. Alisema: “Bon, kumbe uko unalilia tu mutoto wako. Ile kamati itafanya nini? Si tuende kule aliko.” Siku ileile nikampigia mwenye nyumba. Nimeshaaga ghala, mwenye nyumba ameshapata mpangaji mwingine, lori la mizigo tumelikodi, na Ijumaa tunaondoka kwenda kuishi katika mji ule.

Lakini leo asubuhi Adolphine amenipigia. Leopoldi alimwambia siri kabla ya kwenda porini: naye ameacha kazi. Anamaliza zamu ya mwisho na Jumamosi anaanza safari ya kurudi Shively, kwa sababu hataki yaya wake aishi na hofu. Simu yake haishiki, nimejaribu mara thelathini. Ndiyo maana nakutumia barua hii kwa simu, picha za ukurasa mmoja mmoja, badala ya posta.

Mzee Bisimwa, mashtaka yote nayafuta, na kazi ya misiba mpeni mnayemtaka. Wewe una Kiingereza cha ofisini. Mpigie msimamizi wake leo hii. Mwambie kijana asitoke pale, abaki palepale alipo. Yaya wake anakuja.