Neno la Kunizika

Jumapili, 1 Agosti 1999

Baridi. Kikohozi tena. Behewa tunamolala halina mlango upande wa upepo, na hakuna ajuaye lini injini itakuja kulivuta. Heri isije. Itupeleke wapi? Kongolo iko mikononi mwa vita. Nyumba yangu, vitabu vyangu, makaburi ya watu wangu, vyote viko ng'ambo ya bunduki.

Leo kanisani Mchungaji Jephté katuhimiza tuache malimwengu. Watu wakatazamana. Hapa Kamina husemwa bintu ya dunia, basi. Wakanigeukia mimi, mwalimu mstaafu. Nikaeleza: ni mambo ya ulimwengu huu, ya kula, kuvaa, kugombea na kuyaacha. Wakauliza neno lenyewe limetoka wapi. Nikasema ni habari ndefu, nitawaambia.

Ukweli: sijui. Dunia najua ni neno la Kiarabu, maana yake iliyo karibu. Hili lingine sijui, na kamusi yangu ilibaki Kongolo.

Lakini macho yale! Tangu nifike hapa hakuna aliyenitazama hivyo.

Jumatatu, 2 Agosti

Asubuhi wamempitisha mkimbizi mmoja juu ya toroli, amefungwa ndani ya mkeka. Nyuma yake hakuna aliyelia. Msukuma toroli alikuwa anapiga mluzi!

Sitaki kwenda hivyo. Nataka matanga: moto, watu, nyimbo, na mtu mzima wa kusimama aseme uongo mzuri juu yangu. Lakini matanga ni ya mwenye ukoo, na mimi hapa sina hata shemeji.

Mtaani kwetu ziko nyumba mbili zinazojua kuzika. Mzee Feruzi, mfanyabiashara, watu wake walitoka Maniema zamani. Ana vitambaa vyeupe dukani. Na Mzee Gamaliel, karani mstaafu, Mmethodisti, Muluba wa hapa hapa. Darini kwake ana mbao za jeneza, zimekauka vizuri. Nimepata shauri. Neno litaniletea ukoo.

Jumanne, 3 Agosti

Ushindi! Nimemwambia Feruzi kwamba neno malimwengu lilikuja na babu zake, limefungwa katika mizigo kati ya kaniki na shanga. Akafumba macho kwa raha. Akaita chai. Akasema, "Mwalimu, weye uko muntu yetu." Nikaongeza kwamba babu yangu huenda alibeba mizigo hiyo. Huenda.

Nikiwa katika kikombe cha pili, akapita Constant, mwenzangu wa behewani, mkimbizi wa Kabalo, mtu asiye na mpango wowote duniani. Akamwambia Feruzi kwa sauti kwamba babu zake wangemuuza hata mama mkwe kwa kopo la chumvi. Niliona aibu hadi kisogoni. Feruzi akacheka akashikilia mizani, akamtupia samaki mkavu. Eti ni watani.

Constant maskini. Nani atamzika?

Alhamisi, 5 Agosti

Leo ilikuwa zamu ya Gamaliel. Yeye huamini kwamba kila neno lenye heshima lilizaliwa katika Kiluba, mengine yaliokotwa njiani. Basi nikampasulia malimwengu mbele yake: ndani yake mna kulima, na kulima si ndiyo kudima yenu? Mambo ya dunia ni yale mtu aliyolima kwa mkono wake. Akatoa kitambaa akafuta macho. Kisha bukari, ugali wa hapa, na sombe ya majani ya muhogo, na kuitwa ndugu.

Nimerudi behewani na makaburi mawili mfukoni. Jioni ndege imepita juu kwenda Base, kambi ya jeshi. Vita havijasikia kwamba mambo yangu yananyooka.

Jumamosi, 7 Agosti

Constant ana homa. Kadija, mke wa Feruzi, ameleta uji. Gamaliel ameleta blanketi. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, nakohoa vizuri kabisa, hakuna aliyeniuliza. Gamaliel akamwambia mgonjwa asife kabla ya kuomba radhi kwa matusi ya mwezi uliopita. Constant akajibu kwamba hawezi kuombea radhi ukweli.

Ananinyang'anya watu wangu bila hata kujua neno moja la Kiarabu.

Jumatatu, 9 Agosti

Constant amekufa alfajiri. Aliomba maji, nikampa. Akaniambia kwamba natembea kama kamusi iliyonyeshewa. Hayo yakawa ya mwisho.

Nilikaa nikimtazama. Sikuwa na shauri lolote.

Nikasubiri toroli. Haikuja. Alikuja Feruzi na kitambaa cheupe. Alikuja Gamaliel na zile mbao. Mbao zangu! Wanawake wakawasha moto kando ya reli, wakaanza kuimba. Hakuna aliyeuliza ukoo wake ni upi.

Jumanne, 10 Agosti

Sijui niandikeje.

Makaburini Mchungaji kaniomba niseme machache juu ya malimwengu, kwa kuwa marehemu hakuwa nayo. Nikasimama. Feruzi akasema, haya Mwalimu, waambie neno lilikuja na nani. Gamaliel akageuka. Akasema lilikuja? Neno hili halikuja, lilizaliwa hapa, Mwalimu mwenyewe kathibitisha. Wote wawili wakanitazama, na jeneza katikati.

Ningeweza kusema sijui. Maneno mawili tu. Badala yake nikatangaza kwamba neno kubwa laweza kuwa na baba wawili.

Gamaliel akauliza, "Baba wawili? Basi iko mutoto ya njiani!" Feruzi akadakia, "Na mahari, Mwalimu? Ulikula pande zote mbili?" Makaburi yote yakacheka. Hata wachimbaji. Hata, nadhani, Constant.

Nimekwisha. Nitakwenda kwa toroli, na mluzi juu yake.

Alhamisi, 12 Agosti

Leo wamevunja matanga. Sikutaka kwenda. Kadija kanifuata behewani, kanishika mkono kama ng'ombe aliyepotea.

Ilikuwa siku ya kugawa vitu vya marehemu. Feruzi akachukua kofia. Gamaliel akachukua kikombe cha bati. Nikadhani yamekwisha. Kadija akasema bado, akaninyooshea kidole.

"Constant hakuachaka kintu ingine. Aliachaka njo weye." Urithi wenyewe ni mimi!

Kumbe katika homa yake aliwausia: mzee wangu yule mjinga, msimwache peke yake. Wakaanza kubishana mimi niende kwa nani! Feruzi akasema kwake kuna chai. Gamaliel akasema tumbo langu limezoea bukari ya kwake. Wakakubaliana: usiku kwa Gamaliel, mchana dukani kwa Feruzi.

Sijapata kudhalilishwa hivi. Mtu mwenye cheti, kagawanywa pamoja na kofia!

Ijumaa, 13 Agosti

Nimelala chumbani, juu ya godoro. Asubuhi mke wa Gamaliel kaniita tata, yaani baba, kaniwekea maji ya moto. Mchana Kadija kaleta samaki. Nilipokohoa akasema niache kuhangaika hangaika, kufa nitakufa kwao, na watalia vizuri. Mwanamke mkali! Ananitakia kifo huku ananilisha.

Basi, nipime hali yangu bila kujidanganya. Ni mgeni. Sina ukoo. Kati ya watu hawa hakuna hata mmoja aliyetamka wazi kwamba atanizika. Lazima nitafute msaada kwingine, na mapema.

Nimepata shauri. Jumapili, baada ya ibada, nitamnong'oneza Mchungaji Jephté kwamba malimwengu ni neno la Kiebrania. Yeye hajui Kiebrania. Mimi pia sijui. Tutaelewana.