Saa Mbili ya Baba

Jumapili, 8 Juni

Jumatano Baba anafanyiwa operesheni ya koo. Daktari kasema atapona, ila sauti ndiyo basi tena. Nyumba nzima imepoa. Mama anataka kumrekodi. Nimemtengenezea programu kwenye simu yake, peke yangu!

Shemeji, mume wa dada, naye fundi wa programu, kajitia kuuliza kila rekodi inapewaje jina. Anashauri herufi na namba ovyo ovyo, ndefu, zisizojirudia, maana faili mpya ikija na jina la ile ya zamani, ya zamani inafutika. Ati! Sauti ya baba yangu iitwe kama namba ya gari? Mimi nimetumia siku na saa. Mama akifungua anaona: Jumatatu, saa mbili. Kiswahili safi. Shemeji kajiendea zake. Nimemweza.

Jumatatu, 9 Juni

Asubuhi, saa mbili, Mama kajifungia na Baba. Katoka macho mekundu, anacheka. Eti Baba kamwita bibie, kama enzi zile, kasema mambo ambayo hajapata kuyasema tangu waoane. Kisha kamtaja kila mtoto. Hata mimi! Nimeuliza kasema nini juu yangu. Mama kasema nitasikiliza mwenyewe.

Usiku, baada ya chakula, kamrekodi tena kidogo.

Jumatano, 11 Juni

Operesheni imekwenda salama. Baba anaongea kwa mikono. Mama kafungua simu pale pale kwenye korido ya hospitali. Rekodi moja tu! Ya juzi usiku: Baba anauliza nani kakalia miwani yake. Anauliza mara tatu. (Ni mimi.)

Ya asubuhi haipo. Nimetafuta mpaka kichwa kikauma. Kumbe saa mbili ziko mbili, ya asubuhi na ya usiku! Programu imeona jina lile lile, ikafuta ya kwanza.

Mama hakunigombeza. Kakaa tu kwenye benchi, simu mapajani. Mimi nimelia chooni. Sitayasikia aliyosema Baba juu yangu kwa sauti yake.

Jumamosi, 14 Juni

Mama anasikiliza ile ya miwani kila akitaka kulala. Shemeji kaomba ahifadhi nakala kwenye simu yake. Nimemwambia aache uchuro.

Jumapili, 15 Juni

Nimerekebisha! Neno moja tu: asubuhi au usiku. Rekodi ya miwani sasa inaitwa Jumatatu, saa mbili usiku. Shemeji anasema niweke na tarehe, kwani Jumatatu huja kila wiki. Huyu mtu hakosi la kusema! Nimemkatalia. Jina likiwa refu Mama atalisoma saa ngapi?

Kesho Baba anarudi nyumbani. Mama anataka kurekodi wajukuu wakimwimbia, baada ya chakula cha usiku, saa mbili. Kaniuliza kama ile sauti ya Baba itakuwa salama. Nimemwambia alale usingizi, safari hii hakipotei kitu.