Dalali na Miezi Saba

Jumatatu, 3 Machi
Nimekwenda kwa mzee, baba wa mchumba wangu, kujua posa yangu imefikia wapi. Hakutaka habari za posa. Alikuwa amezama kwenye riwaya nene kama tofali, iliyotokana na ile tamthilia ya wakuu wa sayari wanaopimana ubavu angani. Kanipa nakala. Kasema Jumapili tutaijadili, maana hamwozi bintiye kwa mtu asiyeelewa siasa. Mpinzani wangu, daktari wa meno, naye kapewa yake. Kaipokea kwa tabasamu. Yale meno!

Jumatano, 5 Machi
Nimeanza. Ukurasa wa kwanza tu, mabalozi kumi na mmoja, majina yao hayatamkiki. Nikapitiwa na usingizi, kitabu usoni.

Alhamisi, 6 Machi
Nimegutuka! Jina la kitabu: Mkataba wa Miezi Saba. Mikataba si ndiyo kazi yangu? Mimi dalali wa nyumba! Nisome ya nini? Nimekiweka chini ya mguu wa meza unaocheza. Meza imetulia kabisa.

Jumapili, 9 Machi
Daktari kaja na kitabu kimejaa vikaratasi vya alama. Kujipendekeza huko! Nikamwahi. Nikaeleza kwa kituo kwamba wale wakuu walikosea jambo moja: miezi saba ni michache mno. Mpangaji makini hasaini chini ya mwaka.

Mchumba wangu kainamia kikombe, mabega yanatikisika. Nikadhani analia kwa fahari.

Mzee akauliza taratibu, “Mwanangu, hiyo miezi unadhani ni ya kwenye kalenda?”

Daktari akanifafanulia, kwa sauti ya kumtuliza mgonjwa, kuwa ni miezi ya angani, inaizunguka sayari moja, kila mmoja na serikali yake. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumatatu, 10 Machi
Mchumba kapiga simu. Kasema baba yake hajacheka vile tangu afiwe na mkewe, ndiyo maana kanipa nafasi ya mwisho: juzuu ya pili. Kanisihi safari hii nisome, tafadhali, yeye daktari hamtaki. Roho imeniuma, kweli. Nimeapa.

Jioni kitabu kimefika. Mkutano wa Nyota Tano. Nimecheka peke yangu! Shangazi yangu kafua mashuka ya hoteli za namna hiyo maisha yake yote. Kesho namwendea anieleze kila kitu. Daktari na asome tu, akonde.

Kitabu nimekipatia kazi. Kabati nalo lilikuwa linayumba.