Vidole Kumi vya Afisa Mutuma

Mutuma hakuwahi kufanya kazi ya halali, wala hakuona sababu ya kuanza uzeeni. Aliposikia kwamba makao ya wazee ya Embu hayataki tena mhudumu asiye na cheti cha tabia njema kutoka polisi, alinusa riziki. Akaazima koti, akanunua wino wa muhuri, akajipandisha cheo kuwa afisa.

Alianzia mtaa wa Dallas, kwenye makao anakohudumu Karimi. Zamani mama huyu alishikwa na chang'aa, ile pombe haramu, na kila mtaa una mdomo. Akikosa cheti, kazi ndiyo basi.

"Mama, file yako ni chafu," Mutuma akamwambia jikoni. "Leta kitu kidogo nikuchukue fingerprints hapa hapa, hiyo story iishe."

Karimi akamtazama. Siku ile alipochukuliwa alama za vidole, alipanga foleni mpaka miguu ikafura. Serikali gani hii inayomfuata mtu jikoni ikitabasamu?

"Sawa, afande. Lakini hii vidole yangu imelika na kufua. Hebu nionyeshe vile inafanywa. Si ni wewe umesomea?"

Sifa humlevya mjinga. Mutuma akakunja mikono ya koti, akachovya vidole vyote kumi, akavibandika kwenye karatasi kwa madaha.

"Ngoja nilete pesa," akasema Karimi, akaondoka na karatasi kwa mlango wa nyuma hadi kituoni. Polisi walizitambua upesi alama zile za tapeli wao wa zamani. Na kuhusu chang'aa, wakamwambia kesi ilitupwa kitambo, aende akaombe cheti kama watu wengine.

Mutuma alingoja hadi akashtuka, akakimbilia makao mengine kule Kianjokoma. Wino ulikataa kutoka hata kwa mate. Msimamizi wa huko, Cicily, alikuwa ameshapigiwa simu na Karimi, aliyeyaonya makao yote.

"Karibu, afisa. Uuui! Na hiyo mikono?"

"Ni kazi ya serikali, mama."

"Wazee wetu hawashikwi na mikono chafu. Hiyo inatoka na kufua tu. Ukimaliza, tutaongea mambo ya chai."

Kwa tamaa ya chai, Mutuma akainamia mablanketi ya wazee wote, akafua na kusuuza, jasho likimtoka. Ilikuwa kazi yake ya kwanza ya halali, na kusema kweli aliifanya vizuri.

Askari walioitwa na Cicily walipofika walimkuta mikono imetakata kuliko ya mchungaji. Kituoni ikabidi wampake wino upya.