Spika Handakini

Jumapili, 2 Julai 1972. Newala.
Aibu! Santuri yangu haina besi. Spika mbili nzima, na bado ngoma inasikika kama mtu anagonga kibuyu. Redio ya Vitalis, fundi cherehani, inanguruma mpaka kwetu. Jumatano kamati inakuja kuchagua chombo cha dansi la Saba Saba. Vitalis akinishinda nahama wilaya. Mke wangu Veridiana anashauri nikague waya. Waya! Niliziunga mwenyewe.

Ndege ya Mreno imepita upande wa Ruvuma. Nikajikuta chini ya kitanda. Nimemwambia Veridiana nilikuwa natafuta kiatu.

Jumatatu, 3 Julai.
Nimepanga magunia ya makopa ya muhogo nyuma ya spika. Bure. Nikamwaga maji ya pipa ili niitie spika humo. Bure tena. Veridiana amefoka: maji hayo kayapandisha kutoka bondeni kwa kichwa chake! Hatuongei.

Jumanne, 4 Julai.
Nimepata! Handaki! Mzee Nikolao, balozi wetu wa nyumba kumi, aliamuru kila nyumba ichimbe, tujifiche Mreno akija. Nimeteremsha spika moja humo, nyingine nimeiacha sebuleni. Besi hiyo! Inapanda kwenye nyayo. Vitalis kwisha habari yake.

Jumatano, 5 Julai.
Nilipoiona kamati inakuja niliweka sahani ya muziki, nikatoka kuwapokea. Ardhi ikaanza kunguruma. Mtu akapiga kelele kwamba ni ndege. Kichwa changu kilijua ni santuri yangu. Miguu haikujua. Nimewaacha wageni njiani, nimemkanyaga Mzee Nikolao, nimekuwa wa kwanza handakini. Kamati nzima ikaniangukia. Nikamwamkia mzee shikamoo humo humo gizani. Akanisukuma kwa kiwiko. Kisha spika, chini ya makalio yangu, ikaanza kuimba.

Alhamisi, 6 Julai.
Sijala. Mgambo wawili wamekuja asubuhi kuuliza nani kanituma kutisha wananchi wakati wa vita. Nimelia mbele yao. Naogopa. Nitafungwa, na Veridiana atarudi kwao Lulindi.

Jioni kaja, nani? Vitalis! Amekwisha kunitetea kwa Mzee Nikolao kwamba mimi si msaliti, ni mjinga tu. Mzee kakubali haraka mno. Halafu Vitalis kazitazama waya zangu. Kasema spika moja nimeiunga kinyume, hii ikisukuma ile inavuta, zinauana besi. Ndiyo maana ilirudi nilipozitenganisha. Kageuza waya mbili tu. Zote zikiwa sebuleni, besi tele! Akasema kamati imemchagua yeye, lakini kesho nipeleke santuri yangu uwanjani, inaishinda redio yake. Veridiana amecheka kwa mara ya kwanza wiki hii. Nimeona raha, kwa kweli.

Jumamosi, 8 Julai.
Msiba! Jana asubuhi nilijiuliza: tangu lini adui akakutengenezea chombo bure? Mtego huo. Nikazirudisha waya kama nilivyoziunga mwenyewe. Dansi likaanza. Besi hakuna! Watu wakazomea, ikaletwa redio ya Vitalis.

Nimewaza usiku kucha na sababu nimeiona. Uwanja ule hauna handaki. Kesho naanza kuchimba. Jembe nimeazima kwa Vitalis.